Bunduki ya .243: kichwa kimoja au viwili?

Mwenye bunduki ya .243 Winchester huku Dodoma na Singida ana kazi mbili. Ya kwanza ni waharibifu: nyani kwenye mahindi, tumbili kwenye mizabibu ya Hombolo, bweha wanaonyemelea vitoto vya mbuzi. Ya pili ni nyama ya leseni msimu ukifunguliwa, yaani swala pala, pongo au ngiri, upande wa Manyoni au Chemba. Kila anapokwenda dukani linazuka swali lilelile. Anunue risasi za aina mbili, zenye kichwa (kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni) chepesi kwa bweha na kichwa kizito kwa swala, au aina moja ifanye zote?

Wengi hushauri mbili. Ushauri huo una sura ya utaalamu, na una hoja moja nzito ambayo tutaifikia. Anayebeba aina moja huonekana mvivu, au mtu aliyeishiwa hela. Hapo ndipo anapoonewa, na chanzo kikubwa cha kuonewa kwake ni namba moja iliyoandikwa kwenye boksi.

Namba hiyo ni ya nguvu. Chukua kichwa cha greni 58, ambazo ni kama gramu 3.8. Kinatoka mtutuni kwa takribani mita 1,140 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama jouli 2,440. Chukua sasa cha greni 100, gramu 6.5, kinachotoka kwa mita 900 kwa sekunde. Nguvu yake ni kama jouli 2,620. Tofauti haifiki hata asilimia 8. Mnunuzi akisoma hivyo anajiambia kwamba chepesi kina karibu nguvu ileile, kinakwenda kasi zaidi, kinapiga bega kidogo, basi kitamwangusha hata swala. Hesabu ni sahihi, ila inapima kitu kisichohusika. Jouli haielezi nguvu hiyo inamwagwa wapi ndani ya mwili.

Kichwa chepesi cha waharibifu kina ganda jembamba la shaba, madini laini ya risasi ndani, na mara nyingi ncha ya plastiki inayosukumwa nyuma kinapogonga. Kimeundwa kipasuke vipande ndani ya sentimita chache. Kwa bweha wa kilo nane au kumi, sentimita hizo chache ndizo mwili mzima, naye hulala palepale. Swala pala dume ana kilo 53 mpaka 76, na njia ya kwenda kwenye mapafu yake inapita kwenye ngozi, msuli, mara nyingi mfupa wa bega, halafu mbavu. Kichwa kikipasuka kwenye bega, jouli zote 2,440 zimeishia hapo. Linabaki shimo pana lisilo na kina, mapafu hayajaguswa, na mnyama anakimbia kwa miguu mitatu.

Hiyo ni karibu. Mbali, namba yenyewe inageuka. Kichwa chepesi hukamatwa na hewa upesi, na kikifika mita 200 kimebakiwa na karibu jouli 1,400. Kile kizito bado kina zaidi ya 1,900. Kwa kipimo ambacho watengenezaji hutumia kulinganisha uzito wa kichwa na upana wake, greni 100 katika kaliba hii, yaani upana huu wa mtutu, zinapata 0.242 na greni 58 zinapata 0.140. Namba hiyo ndiyo inayokaribia kueleza kichwa kitaingia kina gani, kama kitashikamana. Boksi nyingi haziiandiki. Linaloandikwa kwa herufi kubwa ni kasi.

Wanaotetea aina mbili wana historia upande wao, na ni haki kuisema. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa kaliba za milimita 6 kwa wakati mmoja. Winchester ilitoa .243 ikiwa na risasi za greni 80 kwa waharibifu na za greni 100 kwa paa, kwa hiyo wazo la bunduki moja na risasi mbili limo kwenye kuzaliwa kwake. Remington ilitoa .244, na kwa kuwaza waharibifu zaidi ikaupa mtutu msokoto wa polepole, yaani mifereji ya ndani inayozungusha kichwa ikaenda mzunguko mmoja kwa kila inchi 12. Msokoto huo haukutosha kutuliza vichwa virefu vya greni 100 na zaidi. Winchester ilikuwa na mzunguko mmoja kwa inchi 10. Soko likahamia huko, na mwaka 1963 Remington ikaileta upya kaliba yake kwa jina la 6mm Remington, ikiwa na msokoto wa inchi 9. Ukiisoma habari hiyo vizuri, kilichoamua mshindi ni uwezo wa kurusha kichwa kizito. Kwa chepesi, zote mbili zilikuwa sawa.

Turudi Manyoni. Kwenye vichaka vya Itigi mnyama huonekana mita 40 au 60, na akiingia ndani hatua kumi humwoni tena. Unachohitaji ni kichwa kinachoingia upande mmoja na kutokea wa pili, kwa sababu tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu ya kufuata. Kichwa kilichopasukia begani hakiachi damu ya maana chini. Ndipo watu watatu wanapozunguka kichakani mpaka jua linazama, na kesho yake tai ndio wanaoonyesha alipo. Kuna na nyama. Tangu kanuni za mwaka 2020 za kuuza nyamapori kwenye mabucha, bega lililojaa vipande vya risasi na damu iliyoganda ni hasara inayohesabika kwa kilo, na vipande vidogo vya risasi husambaa mbali kuliko jicho linavyoona kwenye kidonda.

Je, greni 100 kwa bweha ni kupoteza? Itamtoboa na kupita, naye atakufa. Ngozi itatoboka zaidi, lakini hapa hakuna anayeuza ngozi ya bweha, jambo ambalo kwao Marekani lina uzito na limeandikiwa kurasa nyingi. Watu huogopa pia kwamba kichwa kizito kitaporomoka. Ukisawazisha zote mbili, yaani ukirekebisha darubini kila moja igonge shabaha kwenye mita 100, kwenye mita 200 kizito kitakuwa chini ya chepesi kwa kama sentimita 4. Vidole viwili. Anayekosa bweha mita 200 hakukoseshwa na vidole viwili.

Kinachokosesha ni kubadilisha. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na kila uzito na kasi huutikisa kivyake. Risasi mbili katika bunduki moja zinaweza kutofautiana sentimita 3, 8 au zaidi kwenye mita 100, na si juu na chini tu, hata kushoto na kulia. Huwezi kukisia, lazima upige. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mkono wa mbele usiubane mtutu. Anza mita 25 kwa risasi moja au mbili ili ujue upo kwenye karatasi. Nenda mita 100, piga tatu, subiri mtutu upoe mpaka ushikike bila kuunguza, piga mbili nyingine. Pima kutoka katikati ya matundu matano, usipime kutoka lile linalokufurahisha. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe kwa kila mlio wa kitufe chake, karibu milimita 7 kwenye mita 100, kwa hiyo sentimita 3 ni milio minne. Sogeza, piga tatu za kuhakiki. Hapo risasi tisa au kumi za boksi la ishirini zimekwisha. Kwa aina mbili ni kumi na nane mpaka ishirini, na kila ukihama aina unatakiwa kuhakiki tena. Kwa mtu ambaye risasi zake hununuliwa kwa kibali na zina kikomo, hiyo si gharama ya kupuuza.

Kuna na mfukoni. Hornady hutengeneza V-Max ya waharibifu na SST ya paa, na zote zina ncha nyekundu ya plastiki. Mezani utazitofautisha. Saa kumi na mbili asubuhi, vidole vina baridi ya Julai na swala yuko mita 80, hutazitofautisha. Uzito pekee nao haukuokoi: kuna V-Max ya greni 87, uzito unaoonekana wa kati na wa busara, lakini muundo wake ni uleule wa kupasuka. Soma jina la kichwa kabla ya kusoma greni.

Hoja nyingi za aina mbili zinatoka kwa watu wanaojaza risasi wenyewe, Afrika Kusini na Marekani. Mjazaji anaweza kuhangaika na baruti mpaka risasi zake mbili zigonge karibu sehemu moja. Huanza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu, hupanda kidogo kidogo, huku akitazama fataki (kile kiwashio cha kitakoni) iliyobapa, mkono wa bolti unaokaza kuinuka, au alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Ganda la .243, lile linaloshika baruti, hurefuka haraka. Likipita milimita 51.94 hukatwa mpaka 51.69, la sivyo mdomo wake hubanwa na mtutu na shinikizo hupanda. Kwenda chini ya kiwango cha chini cha kitabu nako si salama, kwa kuwa baruti ya kuungua polepole ikiwa kidogo mno inaweza kuleta shinikizo la ghafla. Ni ufundi halisi na wa kuheshimiwa. Ila Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo wengi wetu tunanunua iliyotoka kiwandani, na raha ya kuzilinganisha mbili hatuna. Somo moja la wajazaji linatufaa moja kwa moja: joto hupandisha shinikizo. Boksi lililoachwa juu ya dashibodi mchana wa Oktoba, gari likiwa limesimama Bahi, halitapiga kama lilivyopiga asubuhi ya kusawazisha.

Kwa aina moja, basi, chaguo ni greni 95 mpaka 100 zenye muundo wa wanyama wa nyama. Za kawaida zinatosha kwa swala. Kama ngiri dume yumo kwenye leseni, Partition ya Nosler, yenye ukuta wa shaba katikati, hubaki na nusu ya nyuma hata ya mbele ikisambaratika. Za shaba tupu za greni 80 huingia kina kama nzito na haziachi risasi kwenye nyama, lakini zinataka kasi ili zifunguke, na bunduki ikitoka kwenye shaba tupu kwenda kwenye aina nyingine risasi za kwanza hutangatanga.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili. Ardhi ya huku ni ngumu. Kuna mawe, changarawe, na udongo uliokauka tangu Mei. Kichwa kizito kinachogonga chini kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea, mamia ya mita, kikiwa kimepinda njia. Za shaba tupu nazo hudunda. Chepesi cha kupasuka mara nyingi husambaratika kinapogusa ardhi. Shambani, penye njia ya watoto wa shule na wachunga mbuzi, hili linazidi hoja zote za swala zilizotangulia.

Wapo wanaojibu kwamba upande wa aina moja una dawa yake: panda juu ya dungu, lilelile la kuwingia ndege kwenye mtama, upige kuelekea chini. Hesabu inawakatalia. Dungu la mita 3 na nyani aliye mita 60 inakupa pembe isiyofika nyuzi 3. Hiyo ni kuparaza ardhi. Mpaka mnyama awe mita 20 ndipo unakaribia nyuzi 9, na bado ni ndogo kwa jiwe. Dungu linasaidia kuona nyuma ya shabaha. Kudunda halizuii. Kinachozuia ni kichuguu kikubwa au kingo ya korongo nyuma ya mnyama, na nyani hachagui kukaa mbele ya kichuguu.

Kwa hiyo kazi ya shambani kwa sehemu kubwa si kazi ya .243 kabisa, ya greni zozote. Nyani mita 30 kwenye mahindi ni wa shotgan, ambayo chembe zake hupoteza nguvu mapema, na baada ya afisa wanyamapori wa wilaya kujua. Bweha usiku karibu na zizi, vivyo hivyo. Ukiitoa kazi hiyo kwenye mizani, .243 inabaki na porini, na porini aina mbili hazina tena cha kutetea.

Anabaki mtu mmoja: mwenye shamba lililozungukwa na nyumba, ana .243 tu, na shotgan hana wala hatapata kibali chake mwaka huu. Kwake chepesi ndicho kinachofaa, boksi moja la aina moja, na hata hivyo apige tu pale penye udongo nyuma. Swala amwache mpaka greni 58 zitoke kabisa nyumbani, za 100 ziingie, na bunduki isawazishwe upya kwa matundu matano.