Mwarobaini: arobaini hayo ni yapi?

Jina lenyewe limebeba dai: mti unaotibu maradhi arobaini. Mwombe anayeuamini akuhesabie. Atataja malaria, minyoo, upele, kisukari, fizi, akifika kumi na mbili hivi ataanza kurudia.

Wanaoupinga nao wana wimbo wao: ni uchungu tu, hamna kitu. Si kweli. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga nimbini, mojawapo ya kemikali za mti huu, kutoka mafuta ya mbegu zake. Mwaka 1968 ikapatikana azadiraktini, molekuli iliyosukwa kwa namna ngumu mno hata timu ya Steven Ley kule Cambridge ikahangaika miaka 22 kabla ya kuiunda maabara, mwaka 2007.

Ila azadiraktini imejijengea sifa dhidi ya wadudu. Mwaka 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakifyeka kila kijani na kuubakiza mwarobaini. Kiwavi akiionja azadiraktini, hamu ya kula hukatika. Akila, homoni ya kujivua ngozi huvurugika, naye hufa amenasa ndani ya ngozi yake kuukuu. Binadamu hajivui ngozi.

Kwa malaria, watetezi hutaja gedunini, kemikali nyingine ya mti huu, ambayo kweli huua vimelea kwenye vioo vya maabara. Lakini kioo hakina tumbo wala ini la kuivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye damu. Halafu itazame sufuria: konzi ya majani, maji, moto mpaka rangi igeuke. Konzi ya nani? Majani machanga au yaliyokomaa? Yamechemka dakika kumi au saa nzima? Vikombe viwili vya mti mmoja vinaweza kutofautiana mbali, na homa haisubiri mtu abahatishe.

Kinywani, naona, mwarobaini unastahili heshima zaidi. Majaribio kadhaa kwa watu, japo mengi ni madogo, yameonyesha kuwa kusukutua kwa maji yake hupunguza utando wa meno na fizi kutoka damu. Kijiti cha mswaki hakikuwa upuuzi.

Lile la "cha asili hakidhuru" ndilo linalonikera. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini: kutapika, kusinzia, degedege, ini kujaa mafuta. Wapo waliokufa. Kwa wanyama wa maabara mafuta hayo yameharibu mimba, kwa hiyo mjamzito hana sababu ya kuyajaribu.

Na anayesema mti huu unashusha sukari hawezi, kwa pumzi ileile, kusema hauna madhara. Ukiishusha kweli, aliyemeza vidonge vyake vya kisukari asubuhi kisha akaongeza kikombe cha majani anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuanguka kabla ya adhuhuri.