Kiraka Kwenye Usaili

Ofisini mimi ndiye kiraka. Printa ikitafuna karatasi, naitwa mimi. Mhasibu akiumwa, kiti chake nakikalia mimi. Kwa hiyo nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa, nikaona hapa sina mpinzani. Nikavaa suti.

Nilikuwa msailiwa wa mwisho. Mwenyekiti wa jopo akauliza kwa upole, "Ndugu, wewe hasa umebobea kwenye nini?"

Nikaanza kutaja. Barua, mahesabu, mtandao, picha za wageni, kuandika muhtasari wa vikao... Nilipofika kwenye kufungua makabati yaliyopotezewa funguo, mjumbe mmoja alikuwa ameshamaliza kunijazia alama na anaikodolea macho laptopu yake.

"Samahani nikukatize," akasema. "Hivi kwa nini hapa jumla inaleta sifuri kwa kila mtu?"

Wallahi, usaili mzima hilo ndilo swali pekee nililokuwa na jibu lake. Nikazunguka meza na suti yangu. Excel hiyo, ugonjwa wake naujua: alama zimeingizwa kama maandishi, na SUM, ile fomula ya kujumlisha, ikikuta maandishi inayaruka, haijumlishi kitu. Ukitaka kulitambua tatizo, angalia tarakimu zimeegemea upande gani. Namba halisi, kama hujagusa mpangilio, hukaa kulia. Hizi zilikuwa zimejibanza kushoto. Nikawaeleza kwa utulivu wa profesa, nikazigeuza kuwa namba, jumla zikajaa.

Nikajiona kwenye orodha. Wa tatu kati ya watatu. Na kabla sijaitengeneza tulikuwa sare!

"Kijana hodari sana huyu," mwenyekiti akawaambia wenzake.

"Hodari," mjumbe akaitikia, "ila kompyuta haimo kwenye vigezo."

Nikadhani nimeruhusiwa kwenda. Wapi! "Kwa kuwa uko hapo hapo kwenye mashine," mwenyekiti akasema, "hebu tuchapie barua. Moja ya pongezi, mbili za 'tunasikitika kukujulisha'."

Nikachapa. Nilipofika kwenye yangu nikauliza, "Mheshimiwa, huyu nimwandikie 'Ndugu' au 'Bwana'?" Jopo likateta kidogo, likaamua 'Ndugu' inatosha.

Karani wa masijala alikuwa likizo, na anayemshikia nafasi mnamjua. Nikaigonga barua mhuri, nikaisajili, nikaibeba hadi mezani kwangu, nikajipa daftari la kupokelea barua nisaini.