Mikono mitatu kwa milioni 33: Orioles wasirudie

Pasaka ya 2025 tulikuwa kwa shemeji, sinia la pilau katikati, televisheni imewashwa bila sauti kwa sababu mama mkwe hapendi kelele za "mpira wa rungu", kama anavyouita. Baltimore Orioles, timu yetu ya besiboli hapa Marekani, walikuwa nyumbani kwao Camden Yards wakicheza na Cincinnati Reds. Aliyeanza kuwarushia mpira wapigaji wa Reds ni Charlie Morton, mzee wa miaka 41. Zamu ya tatu kati ya tisa haijaisha, keshatolewa. Kufikia jioni kocha alikuwa amechoka kuwaumiza warushaji wake, akawa anapandisha kwenye kichuguu cha kurushia wachezaji ambao kazi yao si kurusha kabisa. Tulifungwa 24 kwa 2. Binti wa shemeji, ana miaka tisa, akauliza: "Baba, mbona huyu anarusha kama mimi?" Baba mtu akajifanya anatafuta kachumbari.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu naandika haya Januari 2026, usajili unaendelea, na jina linalotajwa sana Baltimore ni Framber Valdez, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Jamhuri ya Dominika aliyemaliza mkataba wake na Houston Astros. Hadi naandika haya alikuwa huru, hajasaini popote. Mimi nasema asajiliwe, na asajiliwe kwa pesa nzito. Shemeji anasema nimerogwa.

Kwa ndugu zetu wa nyumbani waliozoea dirisha la usajili la Simba na Yanga, huku mambo ni tofauti kidogo. Hakuna usiku wa mwisho ambapo watu wanakesha kwenye simu kusubiri picha ya mchezaji ameshika jezi. Mchezaji huru anaweza kukaa kwake mpaka Februari akipiga mahesabu. Na akisaini, hakuna anayekwenda uwanja wa ndege kumpokea na ngoma, jambo ambalo mimi naona ni upungufu mkubwa wa ustaarabu.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Timu inacheza mechi 162, kila mechi zamu tisa. Zidisha: zamu 1,458 ambazo lazima mtu fulani asimame pale juu arushe. Ndiyo maana mrushaji wa kuanza anayeweza kwenda zamu sita au saba, mechi baada ya mechi, ni mali. Akitoka mapema, wa akiba wanaingia leo, kesho, keshokutwa, na kufikia Agosti mikono yao ni kama kamba ya ndoo ya kisimani. Na mkono wa mrushaji unakatika kweli. Kano ya kiwiko inachanika, daktari anapandikiza nyingine, na mtu anakaa nje mwaka mzima au zaidi. Upasuaji huo unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974.

Orioles waliwahi kuwa na mrushaji wa aina hiyo. Februari 2024, siku chache baada ya habari kutoka kwamba tajiri David Rubenstein anainunua timu, walimleta Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa kubadilishana na vijana wawili, DL Hall na Joey Ortiz, pamoja na nafasi moja ya drafti, yaani haki ya kuchagua chipukizi mpya. Burnes akashinda mechi 15, wastani wake akiruhusu mikimbio, yaani pointi, 2.92 kwa kila zamu tisa; namba hiyo ikiwa ndogo ndiyo bora. Oktoba 1 nilikuwa uwanjani, viti vya juu kabisa, jua la alasiri linanipiga usoni, nikamwangalia akienda zamu nane dhidi ya Kansas City Royals na kuruhusu mkimbio mmoja tu. Tukafungwa 1 kwa 0. Kesho yake 2 kwa 1, safari ikaishia hapo. Tangu 2014 timu hii imepoteza mechi 10 mfululizo za mtoano. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, aliyezaliwa hapahapa Baltimore, anaitaja namba hiyo kama mtu anayetaja kisukari chake.

Burnes akawa huru, Arizona Diamondbacks wakampa miaka sita, dola milioni 210. Ni wastani wa milioni 35 kwa mwaka. Meneja mkuu wetu Mike Elias akatazama upande mwingine. Akamchukua Morton kwa milioni 15, Tomoyuki Sugano wa Japani, mwenye miaka 35, kwa milioni 13, na ilipofika Machi akaongeza Kyle Gibson kwa milioni 5.25. Wote watatu mkataba wa mwaka mmoja. Jumlisha: milioni 33.25. Pesa ya mtu mmoja hodari ikagawanywa kwa watu watatu waliokwisha kula chumvi nyingi.

Mnajua yaliyofuata. Morton alipoteza mechi saba kabla hajashinda hata moja. Gibson alianza mechi yake ya kwanza dhidi ya Yankees, na wapigaji watatu wa kwanza, mmoja baada ya mwingine, wakampiga homurani, mpira ukaruka nje ya ukuta. Watatu wa kwanza! Nilikuwa kazini, naifuata kwenye simu, nikadhani programu imekwama inarudia tukio lilelile. Baada ya mechi nne akaachwa. Sugano alijitahidi, ushindi 10 na vipigo 10, wastani 4.64, mtu mwenye adabu zake, lakini si wa kukuvusha mto. Kocha Brandon Hyde akatimuliwa Mei timu ikiwa na ushindi 15 na vipigo 28. Timu iliyoshinda mechi 101 mwaka 2023 ikamaliza mkiani mwa kundi lake na ushindi 75.

Hapa ndipo shemeji anapokohoa na kusogeza kiti. Yeye ni mhasibu, na lazima nikiri ana hoja. Burnes alianza mechi 11 tu Arizona, Juni kiwiko kikachanika, akapelekwa kwenye upasuaji uleule. "Sasa shem," ananiambia, "ungelipa milioni 210 kununua bandeji?" Anaongeza kwamba wazee wale watatu, pamoja na ubovu wao, walirusha zamu nyingi kuliko Burnes mwaka ule.

Ni kweli, walirusha zamu nyingi. Hata mimi naweza kulima ekari tatu nikavuna debe moja. Kuna usiku mechi iliisha zamu ya pili na nusu, tukabaki tunaangalia matangazo ya biashara. Halafu hoja ya kiwiko, ukiivuta mpaka mwisho wake, maana yake usimsajili mrushaji yeyote daima, maana wote wana viwiko. Kyle Bradish alikatika 2024. Tyler Wells alikatika. John Means alikatika mara mbili. Hao wote walikuwa wa bei rahisi, na urahisi haukuwalinda. Kama mikono inakatika, unahitaji mikono mizuri mingi zaidi, ili mmoja akienda hospitali usibaki na Morton peke yake siku ya Pasaka.

Naelewa woga unakotoka. Mji huu una kidonda. Mwaka 2016, enzi za wamiliki wa zamani, Chris Davis alipewa miaka saba kwa milioni 161. Mwaka 2018 akapiga wastani wa .168, yaani hafikishi hata mipigo miwili safi katika kila zamu kumi za kupiga, kisha akaenda zamu 54 za kupiga bila kugusa kitu cha maana, na malipo yake yaliyoahirishwa yanaendelea mpaka 2037. Kwa upande wa warushaji walikuwapo Ubaldo Jiménez, miaka minne kwa milioni 50, na Alex Cobb, miaka minne kwa milioni 57, na hakuna shabiki anayewakumbuka kwa furaha. Elias alifika mwishoni mwa 2018 akakuta jivu, na tangu hapo kila msimu wa mapumziko dawa yake kwa warushaji ni ileile: mzee mmoja, mwaka mmoja. Lyles, Gibson mara ya kwanza, Kimbrel, Morton, Sugano. Ukiwa unajenga nyumba mpya na huna kitu, dawa hiyo ina akili. Nyumba ikishaezekwa, huwezi kuendelea kukodi mlinzi wa kutwa.

Na nyumba imeezekwa. Mwezi uliopita wamempa Pete Alonso miaka mitano, milioni 155. Huyu ndiye mwenye homurani nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya Mets, na siku ile nilimpigia shemeji saa mbili usiku tukapiga kelele kama vichaa. Ryan Helsley kaletwa kumalizia mechi, miaka miwili kwa milioni 28. Mpigaji Taylor Ward kaja kutoka Angels, ingawa kwa kumtoa Grayson Rodriguez, kijana aliyekosa msimu mzima wa 2025 kwa majeraha. Biashara hiyo naiona ngumu kumeza: mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja kabla ya kuwa huru kwa mrushaji aliyebakiza minne. Lakini wanajua wenyewe alivyo mkono wake, mimi sijauona.

Halafu kuna Shane Baz, waliyemchukua Tampa Bay kwa vijana wanne na nafasi ya drafti. Watu wanalalamika kwamba wastani wake ulikuwa 4.87. Kumbukeni alikuwa anarushia wapi. Kimbunga Milton kilichana paa la uwanja wao Oktoba 2024, wakalazimika kuhamia uwanja mdogo wa mazoezi wa Yankees, wazi, joto la Florida, mpira unaruka kama kipepeo. Ugenini alikuwa mtu mwingine kabisa. Mimi Baz nampenda, ana miaka 26 na atakuwa nasi mpaka 2028.

Sasa panga safu: Bradish, Trevor Rogers, Baz, Zach Eflin aliyerudishwa kwa milioni 10, Dean Kremer, Wells. Kwenye karatasi inapendeza. Isome tena taratibu. Bradish karudi Agosti na hajamaliza msimu tangu 2023. Eflin katoka kwenye upasuaji wa mgongo. Wells kiwiko. Rogers mwaka 2025 alikuwa mfalme, mechi 18 kwa wastani wa 1.81, na hapa niombe radhi hadharani. Alipoletwa Julai 2024 kwa kuwatoa Kyle Stowers na Connor Norby niliandika maneno ambayo mke wangu aliniomba niyafute. Akaanza vibaya mpaka akashushwa ligi ndogo, nikazidi kucheka. Leo yeye ndiye mrushaji wetu bora. Stowers naye kawa nyota huko Miami, kwa hiyo labda nilikosea nusu tu. Vyovyote iwavyo, mechi 18 si uhakika wa mechi 32.

Anachokosa Elias ni mtu wa zamu 190, na Valdez ndiye. Mwaka 2025 alirusha zamu 192, wastani 3.66. Mwaka 2022 alianza mechi 25 mfululizo akiwa na kiwango bora bila kuteleza, rekodi kwa msimu mmoja, na akatwaa ubingwa wa dunia na Houston. Na anavyorusha ndivyo hasa tunavyohitaji: mpira wake unazama, mpigaji anaupiga chini, unabingirika kwa mlinzi wetu Gunnar Henderson, kazi imekwisha. Hilo lina maana kubwa Camden Yards. Mwaka 2022 walirudisha nyuma ukuta wa kushoto, warushaji wakapumua. Kabla ya msimu wa 2025 wakausogeza tena mbele, msimu uleule walioanza bila Burnes na wakiwa na Morton. Ni kama kubomoa uzio siku unayomfukuza mbwa. Mpira unaobingirika hauna habari na ukuta uko wapi.

Kuna na lile la Elias mwenyewe. Mwaka 2015 Houston walimsajili Valdez kwa dola 10,000, akiwa na miaka 21, umri ambao wengine wa kwao huwa wamekwishakatiwa tamaa. Elias alikuwa Houston wakati huo. Anamjua tangu hana jina.

Makosa yake nayajua. Ana miaka 32. Nusu ya pili ya msimu uliopita alichapwa sana. Na Septemba, dakika chache baada ya kupigwa homurani ya mikimbio minne, alimrushia mdakaji wake mwenyewe, César Salazar, mpira ambao mdakaji hakuutegemea, ukampata kifuani. Valdez alisema hakukusudia, akaomba radhi. Niliitazama ile video mara nyingi na bado sijaamua. Shemeji ameamua zamani: "Mtu anayempiga mwenzake, wewe unamkaribisha nyumbani?" Shem, hatumwozeshi dada yako.

Na bei haitashuka. Toronto wamempa Dylan Cease miaka saba, milioni 210, kwa mtu aliyetoka kwenye msimu wa wastani wa 4.55. Kwa soko hilo mimi ningempa Valdez miaka minne kwa milioni 35 kila mwaka, na nafasi ya drafti tutakayoipoteza kwa kumsajili iende zake. Miaka minne, isiwe saba. Adley Rutschman anakuwa huru baada ya 2027, Henderson baada ya 2028. Hawa ndio watoto tuliowasubiri tukipigwa mechi mia kwa mwaka. Ubingwa wa mwisho wa mji huu ni wa 1983, jirani yangu alikuwa kijana mwenye nywele.

Tumewekeana na shemeji. Valdez akisaini Baltimore kabla wachezaji hawajaripoti kambini Sarasota, yeye ananunua tiketi nne za mechi ya ufunguzi, na viti visiwe vya kule juu kwenye jua. Akienda kwingine, pilau ya Pasaka ni kwangu, na mama mkwe ameshatangaza kwamba safari hii televisheni itazimwa kabisa.