Nani Ashike Nyaraka za Willard Straight Hall?

Zikitajwa harakati za wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kinachowajia wengi ni picha moja: vijana wanatoka Willard Straight Hall, jengo la shughuli za wanafunzi, Aprili 20, 1969, bunduki mikononi. Aliyeipiga, Steve Starr wa shirika la habari la Associated Press, alitunukiwa tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kama picha ya habari haina kasoro. Kama historia inapotosha, maana imenasa dakika za mwisho tu.

Yaliyotangulia hayamo. Usiku wa manane kuamkia Aprili 18, msalaba, ishara ya kale ya wabaguzi ya kuwatisha Weusi, ulichomwa moto mbele ya Wari House, makazi ya wanafunzi wa kike Weusi. Alfajiri ya Aprili 19, wazazi wakiwa chuoni kuwatembelea watoto wao, wanafunzi Weusi waliliteka jengo na kuwatoa wageni waliolala humo. Walitaka, pamoja na mengine, wenzao waliopewa adhabu kwa maandamano ya awali wafutiwe. Silaha ziliingia baadaye, baada ya wanafunzi Wazungu wa Delta Upsilon, chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, kupenya ndani na ugomvi kuzuka. Anayeanza na bunduki na anayeanza na msalaba wanasimulia visa viwili tofauti kabisa. Anayetaka kujua mfuatano wenyewe atautafuta kwenye vipeperushi, kumbukumbu za vikao, taarifa za askari wa chuo na kanda za redio.

Basi karatasi hizo zikae wapi? Wapo wanaosema zisikabidhiwe chuo, na hoja yao ina uzito. Chuo kilikuwa upande mmojawapo wa mgogoro, na mwenye kabati ndiye anayechagua kipi kiingie kwenye maonyesho ya maadhimisho. Taasisi hupenda hadithi inayoishia kwenye suluhu. Chukua mfano wa Thomas Jones, kiongozi wa wanafunzi aliyetangaza redioni kwamba Cornell imebakiwa na saa tatu za kuishi. Miaka ya tisini alikuwa mjumbe wa bodi ya wadhamini, na mwaka 1995 alianzisha tuzo ya maelewano baina ya rangi kwa jina la James Perkins, rais wa chuo ambaye mgogoro ule ulimng'oa madarakani. Kitendo cha kiungwana, sikatai. Ila chuo kikikitanguliza hicho, msalaba unageuka maelezo ya pembeni.

Woga wa waliohusika nao una sababu. Mwishoni mwa 1970 FBI iliagiza vyama vya wanafunzi Weusi vichunguzwe nchi nzima. Siri hiyo ilifichuka mwaka 1971, baada ya ofisi yake moja huko Pennsylvania kuvunjwa na nyaraka kuchukuliwa. Aliyewahi kuandikiwa faili la namna hiyo hatoi orodha ya wanachama kirahisi.

Hata hivyo, kuziweka nje ya chuo si salama kama inavyodhaniwa. Karatasi za watu binafsi huliwa na mchwa, au hutupwa na warithi wasiojua thamani yake. Hata jengo la jumuiya lina hatari zake: Kituo cha Africana, cha masomo ya Afrika na watu Weusi hapo Cornell, kilichoanzishwa mwaka 1969 chini ya James Turner (na ambacho baadaye Ali Mazrui wetu wa Mombasa alihusishwa nacho), jengo lake liliteketea Aprili 1, 1970, kwa moto ulioaminika kuwa wa makusudi.

Kwangu mimi, maktaba ya chuo izitunze, lakini kwa mkataba: haki zibaki kwa waliozitoa, nakala kamili zikae kwao, na majina yanayoweza kumdhuru mtu yafungwe kwa muda watakaokubaliana. Na mkusanyiko usiwe wa upande mmoja. Maprofesa Walter Berns na Allan Bloom waliondoka wakiamini chuo kimepigishwa magoti na mitutu. Barua za wenye msimamo huo nazo ziwemo. Kuna hata walioshuku kwamba msalaba ulichomwa na wanafunzi Weusi wenyewe. Siioni kuwa tuhuma yenye msingi, lakini aliyeuchoma hakupatikana, na kuifuta tuhuma hiyo kwenye kumbukumbu hakuisaidii kesi ya mtu yeyote.

Kilicho cha haraka zaidi ni sauti. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1969 sasa amevuka miaka sabini na mitano, na Turner mwenyewe alifariki mwaka 2022. Mikataba inaweza kujadiliwa wakati kinasa sauti tayari kimewashwa.