Usinipangie Amplifaya za Valvu kwa Bei, Niambie Kwanza Zinasukuma Hedifoni Gani

Wiki iliyopita nilisoma mlinganisho mwingine wa amplifaya tano za hedifoni zinazotumia valvu (zile taa za kioo kama za redio za zamani), na tangu siku hiyo nimekuwa nikinung'unika mpaka watu wa nyumbani wamenishauri niandike ili wao wapumzike. Mwandishi alizipanga zote tano kwa ngazi ya bei, kuanzia ile ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuidunduliza hadi ile inayolingana na kiwanja, na ajabu ya Mungu, masikio yake yalikubaliana na bei katika kila hatua: ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, ya tatu ikawa na "hewa", ya nne ikawa na "asali", na ya tano, ambayo hakuna msomaji wake atakayeinunua, ikawa na "roho". Hedifoni alizotumia kwa zote ni HiFiMan Susvara. Mbili kati ya amplifaya hizo ni za OTL, yaani zisizo na transfoma kati ya valvu na hedifoni, jambo ambalo alilitaja kama mtu anavyotaja rangi ya gari, kisha akasikitika kwamba besi yake ni legevu na akazipa alama za chini.

Huko si kulinganisha. Ni kumfunga plau ng'ombe wa maziwa pamoja na maksai, halafu kutangaza kijijini kwamba yule wa maziwa hana kazi.

Naomba uvumilivu wa hesabu kidogo, kwa kuwa ugomvi wangu wote umo humo. Chukua Sennheiser HD 800 za mwaka 2009, ambazo watu huziita ngumu kusukuma kwa sababu ya omu zake 300. Kwa vipimo vya watengenezaji, volti 1 huzifikisha kwenye desibeli 102. Ukitaka zifike desibeli 110, sauti ambayo sikio lenye akili halitaivumilia kwa muda mrefu, unahitaji takriban volti 2.5, mkondo wa miliampea 8 na ushee, na nguvu isiyozidi miliwati 21. Sasa chukua Susvara za mwaka 2017, zenye omu 60 na desibeli 83 kwa miliwati 1. Desibeli 110 zilezile zinadai miliwati 500, yaani takriban volti 5.5 na miliampea 91, na ukihesabu ncha ya wimbi lenyewe unakaribia miliampea 130. Zote mbili tunaziita hedifoni ngumu, lakini ya kwanza inaomba volti huku ikigusa mkondo kwa ncha ya kidole, ilhali ya pili inadai mkondo kama mkopeshaji aliyekuja na mgambo.

Valvu, kwa maumbile yake, ni tajiri wa volti na maskini wa mkondo. Ndiyo maana waunda OTL, wanaotaka kuiondoa transfoma ya kutolea, hukimbilia valvu ya 6AS7G, pamoja na ndugu zake 6080 na 6N13S ya Kisovieti, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni omu 280 tu, kiasi kidogo mno kwa valvu. (Valvu hii, ambayo leo inasifiwa kwa "roho", iliundwa kwa kazi ya kudhibiti volteji katika vifaa vya kugavia umeme. Ni kama kumkuta mlinzi wa geti ana sauti ya kughani, jambo linalowezekana, ila hakuajiriwa kwa hilo.) Tuseme mwundaji ameiacha valvu hiyo itulie kwenye miliampea 60, katika sakiti ya kawaida ya valvu moja isiyosaidiwa na mwenzake. Ncha ya wimbi haiwezi kuvuka miliampea hizo 60. HD 800 zinahitaji 12 tu, kwa hiyo valvu inatembea huku inapiga mluzi. Susvara zinahitaji karibu 130, na hapo wimbi linakatwa kichwa, besi inalegea, na mwandishi wetu anaandika kwamba OTL haina mamlaka.

Transfoma ndiyo inayobadilisha kesi. Valvu ya 300B, ambayo Western Electric waliileta mwaka 1938, hufanya kazi vizuri ikiona mzigo wa takriban omu 3,500. Transfoma inayogeuza omu hizo kuwa 60 ina uwiano wa mizunguko unaokaribia 7.6 kwa 1, kwa hiyo volteji inapunguzwa mara hizo 7.6 na mkondo unaongezwa mara hizohizo. Zile miliampea 130 zilizomshinda OTL, kwa upande wa valvu zinakuwa 17 tu. Ni gia ya kwanza ya lori linalopanda Kitonga: injini ni ileile, ila sasa magurudumu yanapata kile yanachokihitaji. Ukinzani wa valvu yenyewe, omu 700 hivi, nao unagawanywa mara 58 na kuonekana kama omu 12 mbele ya hedifoni, tukiacha kando nyaya za transfoma.

Sasa niseme lile linaloniudhi zaidi ya yote. Zile sifa za "joto la valvu" ambazo watu huzimwaga wakisikiliza HD 800 kwenye OTL kwa sehemu kubwa zinapatikana kwa kikokotoo cha mtoto wa sekondari. Bottlehead Crack, ile OTL ya kujiungia mwenyewe kwa solda, ina ukinzani wa kutolea (ule wa upande wa tundu la hedifoni) wa omu 120 hivi. Impidansi ya HD 800, yaani ukinzani wake kwa kila masafa ya sauti, si 300 kila mahali, kwani karibu na hetzi 100 hupanda hadi omu 600 na zaidi. Gawanya volteji kati ya 120 na 300, kisha gawanya kati ya 120 na 600, utakuta besi ya kati imeinuliwa kwa zaidi kidogo ya desibeli 1.3. HD 800 zinajulikana kwa ukali wa juu na wembamba wa chini, kwa hiyo nyongeza hiyo inaangukia penye upungufu, na msikilizaji anatabasamu. Kipinga cha omu 120 kinachouzwa kwa bei ya andazi, ukikiweka kwenye njia ya amplifaya ya transista, kinaleta badiliko hilohilo la besi. Sikatai kwamba valvu ina rangi yake ya ziada, ile harmoniki ya pili, yaani kivuli cha noti chenye masafa maradufu, inayonenepesha sauti ya mwimbaji. Nimeisikia na ninaipenda. Ninachokataa ni kuitwa muujiza kwa kitu ambacho ni kugawanya.

Planari kama Susvara, yaani hedifoni zenye utando mwembamba bapa kati ya sumaku, hazipati hata zawadi hiyo, kwa sababu impidansi yake ni bapa karibu masafa yote. Zikiwekwa mbele ya omu 120, zinapoteza desibeli 9.5 za volteji kote kwa usawa, na hazipati joto lolote. Ni hasara tupu.

Shemeji yangu aliyajua haya kwa njia ya gharama. Alinunua Susvara za mkono wa pili kutoka Dubai, kisha akaagiza OTL nzuri sana, ya kazi safi ya mikono, baada ya muuzaji kumhakikishia kwamba inasukuma "hedifoni zote". Tulipoiwasha sebuleni kwake, tukaweka rekodi ya taarabu ya Zanzibar yenye kanuni, fidla na besi kubwa ya nyuzi. Kanuni ilimeremeta. Besi ilikuwa kama mtu anayegonga godoro. Nilimweleza kwa upole unaostahili mume wa dada yangu, naye akanijibu, "Shemeji, valvu bado mpya hizi, ziache zikomae." Zilikomaa miezi miwili. Kisha akasema tatizo ni valvu za kiwandani, akaagiza valvu za Tung-Sol 5998 za miaka ya zamani kwa fedha ambayo dada yangu hajaambiwa mpaka leo na ambayo naomba nisiulizwe. Godoro likaendelea kugongwa.

Ndicho kinachonifanya nikasirike. Mtu huyu si mjinga. Alisoma, akauliza na akaweka akiba, na kila alipouliza alipewa ngazi ya bei badala ya swali moja rahisi: mzigo wako unataka volti au unataka mkondo? Kwetu huku hakuna duka la kwenda kusikiliza kabla ya kununua. Tunaagiza kwa maneno ya watu wengine, tunalipa usafiri na ushuru, na kurudisha ni ndoto. Anayeandika mlinganisho kizembe anacheza na akiba ya mtu wa mbali ambaye hatamwona maishani.

Nitakubali jambo moja, tena kwa shingo upande. Mwaka juzi nilikuwa Maskati kwa ndugu yetu mmoja ambaye ana amplifaya ya 300B yenye transfoma nzito kiasi kwamba meza imewekewa mguu wa tano. Nilisikiliza Susvara pale kwa saa mbili na sijapata kusikia hedifoni zikipiga vile. Kwa hiyo fedha nyingi hununua kitu. Inanunua chuma, maana transfoma inayopitisha besi ya chini na sauti za juu bila kuzinyofoa kingo ni kazi ngumu ya kusuka na ya gharama. Lakini amplifaya ileile, nilipochomeka Sennheiser HD 650, ambazo nazo ni za omu 300, kwenye tundu lilelile la omu chache, haikunipa chochote ambacho ningekililia nikirudi Dar es Salaam. Naongeza, kwa kuwa nimeamua kusema kweli, kwamba amplifaya nyingi za transista za sehemu ndogo ya bei hiyo zinazisukuma Susvara bila kutokwa jasho.

Wenye Stax na hedifoni nyingine za elektrostati mimi huwaonea wivu kuliko wote, kwa sababu huko valvu ipo nyumbani kwake. Hedifoni zenyewe zinakaa kwenye volti 580 na zinataka volteji kubwa yenye mkondo kiduchu, ndiyo maana valvu nne za EL34 kwenye amplifaya ya Blue Hawaii hufanya kazi yake bila transfoma ya kutolea na hakuna anayelalamika.

Kuhusu kubadilisha valvu kila wiki kama leso, sina la kusema. Kuhusu umeme wetu unaopanda na kushuka, nunueni stabilaiza, kwa sababu nyuzi za 6AS7G zinataka volti 6.3 na hazipendi kupandishwa wala kushushwa sana. Kuhusu joto, kila 6AS7G inakula karibu wati 16 kwa ajili ya kupasha nyuzi peke yake, na anayetaka kuwasha mbili Februari, Dar es Salaam, dirisha likiwa limefungwa ili asisikie bodaboda, ana mapenzi ya muziki kuliko mimi.

Shemeji hatimaye alinunua amplifaya ya transista kwa ajili ya Susvara, na besi ikarudi siku ileile. Ile OTL aliiweka juu ya kabati akiona aibu kuitazama. Nilimpelekea HD 650 zangu ili aisikilize kwa mzigo inaoutaka, nikakaa pembeni na kahawa, na alipofika kwenye ile rekodi ya taarabu hakusema neno mpaka ikaisha, kisha akairudia. Huu ni mwezi wa tatu. Kila nikimpigia simu kuhusu hedifoni zangu ananijibu kwa adabu kabisa, "Shemeji, ziache kwanza huku, ukizichukua hii mashine itakaa bure."