Ncha ya almasi na namba isiyoaminika

Ncha ya almasi yenye umbo la piramidi inashushwa polepole juu ya kauri iliyosuguliwa hadi ikang'aa, inakandamiza kwa sekunde chache, kisha inainuliwa. Ukitazama kwa hadubini unaona alama ya mraba, na katika kila pembe ufa mwembamba kuliko unywele. Pima urefu wa nyufa hizo, ziingize kwenye kanuni, na tayari una ukinzani wa ufa, yaani nguvu ya kauri kuzuia ufa uliokwisha kuanza usikimbie hadi kipande kikatike.

Raha ya njia hii naielewa. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha, ilhali vipimo vya kupinda vinadai vijiti vya milimita 3 kwa 4, urefu wa kama 45, tena vimechongwa kwa usahihi. Anayebuni kauri mpya mara nyingi hana malighafi ya kutengeneza hata kijiti kimoja.

Shida iko kwenye kanuni. Ile maarufu ya mtafiti Anstis na wenzake, ya 1981, ina kigezo cha 0.016 ambacho hakikutokana na nadharia tupu; kilipatikana kwa kulinganisha na kauri zilizokwisha kupimwa kwa njia nyingine. Wenyewe waliandika kuwa kinaweza kupanda au kushuka kwa 0.004. Hiyo ni robo nzima! Alumina, kauri ya kawaida, huwa kati ya 3 na 4 MPa√m (kizio cha ukinzani wa ufa), basi tofauti ya 3.2 na 3.7 ambayo mtu anajivunia inamezwa humo humo. Na kwa kuwa ukubwa wa dosari inayovumilika hufuata mraba wa ukinzani, ukizidisha ukinzani kwa asilimia 25, dosari unayoiruhusu inakua kwa zaidi ya nusu. Zipo kanuni nyingine chungu nzima, na ufa ule ule unatoa jibu tofauti katika kila moja.

Mwaka 2007 watafiti Quinn na Bradt walisema wazi kwamba njia hii iachwe kama kipimo cha ukinzani wa ufa. Hoja yao nzito, kwangu, ni hii: ufa wa almasi husukumwa na mkazo uliobaki chini ya alama, ukasimama mkazo unapopungua. Ufa unaovunja kauri kazini hausimami.

Lakini vijiti navyo vina mtego wake. Mfereji wa kuanzishia ufa, uliochongwa kwenye kijiti kwa wembe na vumbi la almasi, ncha yake ikiwa butu, hutoa namba kubwa kuliko ukweli, hasa kwa zirkonia, kauri nyingine, yenye chembe ndogo kuliko maikromita moja. Kosa linaegemea upande wa hatari, na kijiti hakikuonyi.

Kwa hiyo sitamkataza mtu kulinganisha bechi ya leo na ya jana kwa almasi, mzigo ule ule, kanuni ile ile. Namba hiyo ikiwekwa kwenye jedwali kando ya namba za vijiti, tena bila kutaja mzigo wala kanuni, mimi huiruka.