Sikunywa Hata Tone, Mniamini

Kwa kuwa shoga yangu ameshaisambaza habari ya safari yangu kwenye kila grupu la WhatsApp, mpaka la wazazi wa darasa la pili, naona bora mnisikie na mimi. Sikulewa. Na sikuogelea kwenye pombe kama anavyosema. Nilimwagiwa. Kuna tofauti.

Mnajua nilialikwa Dodoma, kwenye mkusanyiko wa sisi tunaoandika habari za mvinyo. (Ndiyo, ni kazi. Hata mama bado anauliza.) Ilikuwa Machi, zabibu zinavunwa, watu wanatembezwa shambani, wanatikisa glasi, wanatoa maneno mazito. Nikasema siwezi kutoka Iringa mikono mitupu. Wao wanajivunia zabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka. Sisi tuna mlanzi, mwanzi wetu wa pombe, ukishakatwa kilele na kutegeshewa mbeta (chombo cha mwanzi) unadondosha ulanzi asubuhi na jioni masika yote. Nikanunua dumu la lita tano, ulanzi mtogwa (ule bado mtamu; ukishachacha ukawa mkali ndio mkangafu) wa asubuhi ile ile. Mama muuzaji akanionya: mfuniko uache hivyo hivyo umelegea, huu bado unachemka.

Konda sasa. Pale stendi ya Igumbilo akaliona dumu miguuni pangu. “Dada, hili likimwagika humu tutagombana.” Kabla sijafungua mdomo ameshainama, ameukamata mfuniko kwa mikono miwili, akaukaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipoondoka nikajaribu kuulegeza. Wapi! Nikajipa moyo: kilomita 260 hivi, lami tupu, tutafika.

Iringa baridi, ulanzi ukatulia. Tukashuka Nyang'oro, joto likaanza. Izazi nikavua sweta. Migori jua limehamia dirishani kwangu. Mzee niliyekaa naye, mtu wa heshima zake, kofia safi, akanigusa bega.

“Binti, mzigo wako unapumua.”

Nikatazama. Dumu limevimba kama shavu la mtoto aliyeficha pipi. Limepata tumbo mpaka chini, halisimami tena, linapepesuka. Na linalia: tsiii.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo shoga yangu anapowadanganya. Nililipakata. Nikazungushia mfuniko ncha ya kanga nipate kushika. Nikageuza kidogo. Kimya. Nikageuza tena, kidogo mno. Mzee akasema, “Taratibu, bin—”

Mfuniko ukagonga dari.

Wa kwanza uliniingia puani. Sisemi usoni, nyie, nasema puani, tundu zote mbili, na ulanzi wenye gesi ukipita huko unawaona mababu zako wote wamekaa kikao. Nikafumba macho, nikalikumbatia dumu nilizuie, kumbe nimelielekeza kwa mzee. Nikamsikia, “Ee Bwa—” halafu hakumalizia, maana ulimwingia mdomoni. Nikaligeuzia kwenye kioo. Ukapiga kioo, ukanirudia. Wigi langu (jipya, nililishonea harusi ya dada) likaachia upande mmoja, likabaki linaning'inia sikioni, linanidondoshea begani.

Nyuma mtu akapiga kelele, “Tairi!” Dereva akakanyaga breki. Basi lilipoinama mbele, ulanzi uliobaki ukashika njia ya katikati, ukashuka na povu lake jeupe, bila haraka, mpaka kwenye viatu vya konda. Akavitazama viatu. Akanitazama mimi. Basi zima kimya, kisha sauti ya mama mmoja kutoka viti vya nyuma kabisa:

“Huo mtogwa au mkangafu?”

Mzee akajilamba mdomo wa juu, akafikiri.

“Unaelekea mkangafu.”

Walicheka mpaka mtoto wa kiti cha mbele akaamka.

Mengine niyakimbize. Mtera akapanda trafiki, akanusa, akamshusha dereva akapulize kipima ulevi. Sifuri. Akaniona na wigi mkononi, akasema huyu naye apulize. Nikamwambia, afande, mimi abiria. Nguo za kubadilisha zilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa chini ya kiti, mmeshaelewa.

Dodoma tukapewa mvinyo mweupe, kila mtu anuse aseme anapata nini. Bwana wa pembeni yangu akazamisha pua kwenye glasi. “Napata chachu. Majani mabichi. Na... mwanzi uliokatwa leo?” Watu wakaandika! Nikasogeza kiti changu kando. Akanusa tena. “Ajabu, imepotea.” Shoga yangu, aliyekuwa meza ya pili, hapo ndipo alipotoa simu.

Kurudi nikaangukia basi lile lile, konda yule yule. Nilikuwa na chupa tatu za huko, zina vizibo vyake, salama kabisa. Alinipokonya bila hata salamu, akazikagua moja moja kwenye mwanga, akazipakata yeye mwenyewe mpaka Igumbilo, vidole juu ya vizibo.